Kupima miti, kamba, mianzi na epifaiti katika ploti moja: Mlima Elgon

SipiJuu aliuliza:

Habari za kazi, wakubwa. Tuko watu wanne tunaojiandaa kuorodhesha mimea ya msitu wa Mlima Elgon upande wa magharibi, juu ya Budadiri nchini Uganda, kuanzia mita 2,000 hivi hadi pale mianzi inaposhika msitu. Vibali vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na vya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) vinashughulikiwa. Tunataka kuonyesha jinsi maumbo ya ukuaji yanavyobadilika kadiri mtu anavyopanda: miti, vichaka, mimea laini ya chini, kamba (mimea yenye shina refu inayopanda miti), na epifaiti, yaani ile inayoota juu ya miti mingine.

Mpango wa sasa ni ploti, yaani viwanja vya kupimia, za mita 20 kwa 20. Kila mmea unaoonekana unahesabiwa, unaingia kwenye jedwali moja, halafu tunapiga kipimo cha Shannon (namba inayoonyesha utofauti wa spishi) kwa kila ploti. Tuna utepe wa mita 50, utepe wa kipenyo, klinomita (kifaa cha kupima pembe ya mteremko), dira, GPS na darubini moja.

Yanayotukwamisha ni haya. Kamba hulala na kupinda kabla haijapanda mti, sasa kipenyo chake kinachukuliwa wapi? Mwanzi una urefu wa mti lakini ni jamii ya nyasi, na mgomba-mwitu je? Epifaiti tutazihesabuje bila kupanda juu? Na kwenye mteremko mkali, hizo mita 20 ni za ardhini au za ramani?

Podo_Kween alijibu:

Ndugu SipiJuu, kabla ya kipenyo, rekebisheni jedwali. Mnachanganya mambo mawili: umbo la ukuaji, ambalo ni tabia ya spishi ikikomaa, na tabaka, ambalo ni mahali mmea huyo mmoja aliposimama siku mliyomkuta. Mche wa Podocarpus latifolius wa sentimita 30 uliojificha kati ya makangaga ni mti ulio katika tabaka la chini. Ukiandikwa "mmea laini" kwa sababu ni mdogo, spishi hiyo itahesabiwa mara mbili, na msitu unaozaa miche mingi utaonekana una mimea laini ya aina nyingi kumbe sivyo. Wekeni safu mbili. Ya kwanza: mti, kichaka, mmea laini, kamba, epifaiti, na makundi ya pekee nitakayowaachia wengine. Ya pili: chini ya mita 1, mita 1 hadi 5, 5 hadi 15, na zaidi ya 15. Kila mmea unaandikwa kote kuwili.

Halafu kila umbo lina kipimo chake. Miti huhesabiwa na kupimwa kipenyo. Mimea laini haihesabiki, maana hamtajua kama shina kumi za nyasi ya Oplismenus zilizosambaa ni mmea mmoja au kumi. Hiyo hukadiriwa kwa asilimia ya ardhi inayofunikwa.

Ploti ya 20 kwa 20 inafaa kwa miti yenye kipenyo cha sentimita 10 na kuendelea. Ndani yake pimeni viwanja viwili vya mita 5 kwa 5 kwenye kona zinazotazamana, kwa ajili ya vichaka na miti michanga iliyozidi mita 1 lakini haijafika sentimita 10. Kisha fremu tano za mita 1 kwa 1, nne kwenye kona na moja katikati, kwa mimea laini na miche. Mkifika, anzeni na fremu ndogo. Watu wanne wakizunguka na utepe kwa nusu saa, Impatiens na makangaga machanga yote yameshalala chini, na asilimia mtakayoandika itakuwa ya mimea iliyokanyagwa.

Kukadiria asilimia, watu wawili wakadirie bila kusikilizana kisha walinganishe. Ngazi za Braun-Blanquet zinatosha: chini ya 1, 1 hadi 5, 5 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75, 75 hadi 100. Jumla ya fremu ikivuka 100 msishtuke, mimea hufunikana.

Mteremko: vipimo ni vya ramani, yaani vya usawa. Lazeni pande mbili za ploti zifuate mkingamo wa mlima, yaani zikae kwenye kimo kilekile bila kupanda wala kushuka. Hizo zinabaki mita 20. Pande mbili zinazoshuka ndizo zinazorefushwa: 20 gawanya kwa kosaini ya pembe. Kwa nyuzi 20 ni mita 21.3, kwa nyuzi 30 ni 23.1, kwa nyuzi 40 ni 26.1. Mkiacha kurekebisha kwenye nyuzi 30, ploti yenu ina mita za mraba 346 badala ya 400. Na kwa kuwa miteremko mikali haisambai sawa kwa kila mwinuko, upungufu huo utaonekana kana kwamba spishi zinapungua kwa sababu ya kimo cha mlima.

Kipenyo cha mti ni kwenye mita 1.3, mkisimama upande wa juu wa mteremko. Pouteria adolfi-friedericii na wenzake wenye mizizi-mbao ubavuni, pandeni hadi sentimita 50 juu ya pale mizizi inapoishia, na kimo hicho kiandikwe. Prunus africana mtaikuta imechunwa gome mahali pengi. Msipime juu ya kovu. Sogeeni hadi gome zima lililo karibu, juu au chini, na mwandike "imechunwa". Mti wenye mashina mengi ni mti mmoja: pimeni kila shina, kila kipenyo kizidishwe kwa chenyewe, jumlisheni, kisha mtafute kipeo cha pili. Mashina ya sentimita 12, 9 na 8 yanatoa 144 + 81 + 64 = 289, yaani sentimita 17. Mti ulio kwenye mpaka umo ndani ikiwa nusu ya kitako chake au zaidi imo ndani.

Jambo la mwisho kwa leo. Msiweke ploti kando ya njia ya wapanda mlima. Kando ya njia kuna mwanga, na mwanga huleta Neoboutonia macrocalyx, Rubus na Acanthus. Tembeeni angalau mita 50 kutoka njiani, na hatua za mwisho mzipate kwa namba za bahati nasibu mlizoandika kabla ya kutoka nyumbani.

KambaNdefu alijibu:

Nachukua swali la kamba, kwa kuwa ndilo linaloharibu orodha nyingi za milimani.

Kipenyo cha kamba huchukuliwa mita 1.3 kutoka mzizi wa mwisho, ukifuata shina lenyewe. Hupimi kimo kutoka ardhini. Ikiwa imelala mita nne, ikatoa mizizi tena, kisha ikapanda, anzia kwenye mzizi ule wa mwisho kabla haijapanda. Kwa mlima kama Elgon chukueni kamba zote za sentimita 1 na zaidi. Mkingoja sentimita 10 kama kwenye miti mtabaki na chache mno. Shina likiwa bapa, pimeni upana mkubwa na mdogo, zidisheni, kisha kipeo cha pili.

Mashina mawili yaliyo karibu, chunguzeni kwa kufukua majani makavu kwa mkono. Yakiungana juu ya udongo ni kamba moja, na mnapima shina nene. Yakiungana chini ya udongo hamwezi kuona, kwa hiyo kila moja inaandikwa peke yake, na kanuni hiyo ifuatwe bila kubadilishwa kutoka ploti ya kwanza hadi ya mwisho.

Msivute kamba ili kuona majani. Kinachokuja chini mara nyingi ni tawi kavu, tena linaanguka kichwani. Tumieni darubini kutazama juu, na chini mtambue kwa shina: Toddalia asiatica ina vinundu vya gome laini la kizibo vyenye miiba, na jani lake lenye vipande vitatu likisuguliwa hunukia kama limau. Landolphia buchananii hutoa utomvu mweupe kwa kukwaruzwa kidogo tu. Urera hypselodendron iko katika jamii ya mimea inayowasha, na gome lake lina nyuzi ndefu.

Hapa ndipo wengi hupotea: kamba nyingi zikiwa changa husimama wima bila kuegemea kitu, hadi mita moja au zaidi. Anayepita haraka anaziandika vichaka. Tazameni ncha. Ikiwa ni ndefu, nyembamba, imeanza kuinama na majani yake yako mbalimbali, kuna uwezekano mkubwa ni kamba inayotafuta pa kushika. Zipo pia spishi zisizo na umbo moja. Embelia schimperi mahali pa wazi ni kichaka, penye miti inaegemea na kupanda. Kwa hizo wekeni alama ya "kichaka kinachoegemea" na msizilazimishe upande wowote.

Mtini unaonyonga, kama Ficus thonningii, si kamba wala epifaiti ya kawaida. Huanza juu ya mti kwa mbegu iliyoletwa na ndege, kisha mizizi hushuka hadi udongoni. Schefflera volkensii nayo huanza hivyo mara nyingi. Ziwekeeni kundi lake, na mwandike hatua: mizizi bado iko hewani, imefika chini, au mti mwenyeji umeshakufa. Zile zilizokwisha kusimama zenyewe, unene wa mizizi iliyosokotana usijumlishwe na vipenyo vya miti mingine. Ule ni mzunguko wa wavu wenye uwazi ndani, na utawapa mti mnene kuliko wote msituni.

Malewa_Bududa alijibu:

Mianzi. Spishi ya hapa ni Oldeania alpina. Kwenye ripoti za zamani mtaikuta kama Arundinaria alpina, Sinarundinaria alpina au Yushania alpina. Ni mmea ule ule, msije mkaorodhesha spishi nne.

Kinachosimama juu ya ardhi ni bua, na mabua mengi yameungana chini kwa shina moja linalotambaa udongoni. Kwa hiyo hakuna njia ya kuhesabu "mianzi mingapi". Mnahesabu mabua, tena kwa umri. Chipukizi, yale malewa tunayokula huku Bugisu, yako peke yake. Bua changa bado lina maganda yaliyolikumbatia kwenye vifundo na rangi yake ni ya kijani kibichi. Bua lililokomaa limepoteza maganda, limefifia, mara nyingi lina kuvumwani juu yake. La nne ni bua kavu lililosimama. Kiwanja cha 5 kwa 5 kinatosha, maana mwanzi ukishika, kuhesabu ndani ya 20 kwa 20 kutawamalizia siku. Andikeni pia mabua yaliyokatwa, kwani kukata na kuchuma malewa hubadilisha uwiano wa umri.

Mgomba-mwitu, Ensete, ni mmea laini mkubwa mno. Lile "shina" ni maganda ya majani yaliyofungana. Pimeni kimo, uhesabiwe, lakini kipenyo chake kisiingie kwenye hesabu ya eneo la mashina ya miti. Kangaga-mti, Cyathea manniana, hukaa kando ya vijito. Sehemu ya chini ya shina lake imevikwa mizizi mingi inayolinenepesha, kwa hiyo kimo ndicho kipimo cha maana hapo.

Kuna mmea mmoja ambao usipoujua utaharibu ulinganisho wa ploti zote: Mimulopsis solmsii. Hukua kwa miaka kadhaa bila ua, ukifunga tabaka la chini hata pasipitike kwa urahisi, kisha eneo zima huchanua pamoja na kufa pamoja. Ploti iliyopimwa kabla ya kifo hicho itakuwa na spishi chache chini, na ile iliyopimwa baada yake itajaa mwanga na miche. Mkiona mashina makavu mengi ya aina moja yamelala kwa wakati mmoja, hiyo ndiyo sababu, na kimo cha mlima hakihusiki. Andikeni hali yake kwenye kila ploti: michanga, imefunga, inachanua, au imekufa.

Msimu pia. Mimea yenye tunguu, kama Scadoxus multiflorus, hupotea juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Desemba hadi Februari njia ni kavu na kupanda ni rahisi, lakini mtakosa kundi zima. Bora ploti zote zipimwe ndani ya msimu mmoja kuliko za chini Januari na za juu Juni.

DadaOkidi alijibu:

Epifaiti bila kupanda mti inawezekana, mkikubali kwamba hamtapata hesabu kamili. Mtakachopata ni kuwepo kwa spishi na mahali zinapokaa, na hilo linatosha kulinganisha miinuko.

Tumieni kanda tano alizozieleza Johansson mwaka 1974 katika kazi yake ya Afrika Magharibi: chini ya shina hadi mita 3, shina kutoka hapo hadi tawi kubwa la kwanza, theluthi ya ndani ya matawi makubwa, theluthi ya kati, theluthi ya nje. Chagueni miti mitano kwa kila ploti, mmoja mmoja kutoka madaraja tofauti ya kipenyo. Kuchagua ile iliyovikwa sana kwa sababu inapendeza kutawapa picha ya uongo. Zungukeni kila mti mkitazama kwa darubini kutoka pande nne, na mteremko uwasaidie: mkisimama upande wa juu, macho yenu yanakaribia matawi ya mti ulio chini.

Kanda ya kwanza haihitaji darubini. Bandikeni fremu ya sentimita 20 kwa 20 kwenye kimo cha mita 1.3, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na mkadirie asilimia. Hapo vigoga na makangaga membamba ya jamii ya Hymenophyllum yatawaeleza mengi kuhusu unyevu. Jani la Hymenophyllum lina unene wa seli moja tu, na halina uwezo wa kuzuia maji yasitoke, kwa hiyo linapoanza kuwa jingi mmefika mahali ambapo mawingu hugusa msitu mara kwa mara. Kwa kanda za juu, tafuteni matawi yaliyoanguka karibuni, yenye majani bado. Huko ndiko mtapata Polystachya, Peperomia na Pleopeltis za kushika mkononi. Tawi lililooza chini miezi mingi limeshapoteza nusu ya wakazi wake, liacheni.

Maonyo mawili. Loranthaceae na Viscum si epifaiti. Zinachoma mizizi ndani ya tawi na kunyonya maji ya mwenyeji, basi ni kundi la vimelea. Na Usnea, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia, ni kuvumwani. Si mmea, haiingii kwenye hesabu ya spishi za mimea, ingawa kuandika kama ipo nyingi au chache kunafaa kama dalili ya ukungu.

SipiJuu aliuliza tena:

Asanteni sana, nimeelewa tulikuwa tunaelekea pabaya. Sasa Shannon ifanyweje? Na tukipata muda tungeongeza mstari mwingine upande wa Bukwo, kaskazini mwa mlima, ili tuwe na ploti nyingi zaidi.

Podo_Kween alijibu:

Shannon ipigwe ndani ya umbo moja, kamwe si kwa jedwali zima. Nawapa hesabu muone. Chukulia ploti yenye miti 40 ya spishi 10, kila spishi miti 4. H, yaani namba ya Shannon, ni 2.30, na ukiigeuza kuwa idadi ya spishi zenye uzito sawa unapata 10, kama inavyostahili. Ongeza kwenye jedwali hilo mabua 400 ya mwanzi. Spishi sasa ni 11, lakini H imeshuka hadi 0.51, sawa na spishi 1.7. Hakuna mti hata mmoja uliotoweka. Mmeongeza spishi, na kipimo kinasema msitu umefilisika, kwa sababu bua limehesabiwa kana kwamba lina uzito wa mti.

Kwa miti tumieni idadi au eneo la mashina, kwa mimea laini asilimia, kwa kamba idadi, kwa epifaiti idadi ya miti yenye spishi hiyo kati ya mitano. Kila kundi lichorewe mstari wake dhidi ya kimo cha mlima. Wala msiseme "mimea laini ina spishi nyingi kuliko miti" kwa kulinganisha fremu tano, ambazo ni mita za mraba 5, na miti ya mita za mraba 400. Linganisheni mimea laini ya mita 2,000 na mimea laini ya mita 2,500. Mkishamaliza fremu, zungukeni ploti yote dakika 20 mkiandika spishi ambazo hazikuingia popote, chini ya alama "nje ya fremu". Hizo zinaingia kwenye orodha, haziingii kwenye Shannon.

Kuhusu Bukwo, kuweni waangalifu. Kaskazini ya mlima ni kukavu zaidi, huko mtakutana na Juniperus procera, na mwanzi umeenea zaidi upande wenu wenye mvua. Ploti za juu zikiwa Budadiri na za chini zikiwa Bukwo, mtakuwa mmepima mvua mkidhani mnapima kimo. Ama mfanye mistari miwili kamili kila upande, ama mbaki na mmoja wenye ploti tatu kila baada ya mita 100 za kwenda juu. Mimi ningebaki na mmoja. Tena karibu na mpaka wa hifadhi ulizeni askari wa UWA ni wapi palipandwa miti ya asili chini ya mradi wa UWA na FACE, taasisi ya Uholanzi, ulioanza 1994. Msitu uliopandwa unastahili kupimwa, lakini kama kundi lake.

DadaOkidi alijibu:

Naongeza la sampuli. Kwa mvua za huko, gazeti pekee halikaushi. Majani yanaota ukungu kabla hamjashuka. Baneni sampuli ndani ya magazeti, fungeni bunda, litieni kwenye mfuko mzito wa plastiki, mmiminie spiriti ya asilimia 70 hadi magazeti yalowe, kisha mfunge kabisa msiache hewa. Hukaa wiki kadhaa bila kuoza, na mtakausha mkifika Mbale. Rangi ya maua hupotea, kwa hiyo iandikwe kabla. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti.

Kwenye lebo, umbo la ukuaji ndilo lisisahaulike. Atakayepokea tawi la sentimita 30 kule hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makerere hana namna ya kujua kama lilitoka kwenye kamba, kichaka, au mtini ulioota juu ya Prunus. Andikeni: umbo, tabaka, kimo cha mmea, mwenyeji ikiwa ni epifaiti au kimelea, kanda aliyokaa, namba ya ploti na kimo cha mlima. Kimo cha GPS huyumba chini ya majani mazito, kwa hiyo acheni kifaa kitulie dakika kadhaa kisha mkilinganishe na mistari ya ramani kabla ya kuandika.

KambaNdefu alijibu:

Na kwa kamba, kateni kipande cha shina cha sentimita 10 kiende pamoja na tawi, ikiwa kibali chenu kinaruhusu. Mpangilio wa mbao ndani ya shina la kamba mara nyingi hutenganisha jamii pale ambapo hakuna ua wala tunda, na msituni kamba nyingi mtazikuta hazina vyote viwili.

Malewa_Bududa alijibu:

Mkifika juu ya mianzi na mkatamani kuendelea, badilisheni orodha ya maumbo, haya hayatoshi. Kule tumieni maumbo matano ya Hedberg ya mwaka 1964: mimea mikubwa yenye shada la majani kileleni kama Dendrosenecio na Lobelia, nyasi za mafundo, mashada yasiyo na shina, mimea iliyobanana kama mito ya kulalia, na vichaka vya majani magumu. Vichaka vya Erica viko mpakani mwa orodha zote mbili, kwa sababu spishi zake nyingine hufika kimo cha mti. Kwa hizo pimeni kimo na vipenyo vya mashina yote, mtaweza kuziweka upande wowote baadaye bila kurudi mlimani.